Mlezi Kwanza, Roboti Baadaye

Mei 2020, Uviko-19 ikiwa imeitikisa dunia nzima, Rwanda ilianza kutumia roboti tano katika mapambano dhidi ya ugonjwa huo, na kituo cha tiba cha Kanyinya, jijini Kigali, kikawa miongoni mwa vilivyozipokea. Zilipewa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Zilikuwa na uwezo wa kupima joto la watu wengi kwa muda mfupi, kupeleka chakula na dawa hadi kwa mgonjwa, na kuwaarifu wahudumu zikibaini dalili isiyo ya kawaida. Zilitoka kwa ZoraBots, kampuni ya Ubelgiji ambayo huko Ulaya ilikuwa tayari inajulikana kwa kazi nyingine: kuandaa programu za roboti ndogo yenye umbo la mtu, inayoimba, inayocheza na kuongoza mazoezi ya viungo katika nyumba za kutunzia wazee, wakiwamo wenye demensia, yaani ugonjwa wa kusahau. Kampuni ni ileile, lakini kazi hizi mbili zinakwenda kinyume. Kanyinya, faida ya roboti ilikuwa umbali. Kila ilipoingia wodini badala ya muuguzi, virusi vilikosa mtu mmoja wa kumwambukiza. Kwa mwenye demensia, umbali ndio unaomwumiza. Anapotea kidogo kidogo kutoka katika mazungumzo, majina ya watu yanamtoka, na watu nao wanaacha kumsemesha kwa sababu hajibu kama zamani. Basi mashine iliyosifiwa kwa kuwatenga watu inaweza vipi kumrudisha mtu kati ya wenzake?

Swali hili haliwahusu Wajapani na Wazungu peke yao. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba kila mwaka wanaongezeka wapya karibu milioni 10. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima wazee karibu 1,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kiwango cha asilimia 6.4 baada ya kuzingatia tofauti za umri, kiwango kinacholingana na kile cha nchi tajiri. Kwa hiyo ile dhana kwamba haya ni maradhi ya ughaibuni haina msingi. Kilicho tofauti ni nani anayebeba mzigo. WHO inasema gharama za demensia duniani zilifikia dola trilioni 1.3 mwaka 2019, na karibu nusu yake ni kazi ya ndugu na jamaa wasiolipwa, ambao kwa wastani hutumia saa tano kwa siku kumhudumia mgonjwa. Asilimia 70 ya saa hizo ni za wanawake. Kwetu, ambako nyumba za wazee ni chache na wataalamu wa magonjwa ya uzeeni ni wa kuhesabika, sehemu inayobebwa na binti, mkwe au mjukuu ni kubwa zaidi, na aghalabu anaibeba bila kuambiwa na mtu yeyote kwamba mzee wake anaumwa na hakusudii kumsumbua.

Roboti zinazozungumzwa hapa zina sura inayofahamika. Pepper, iliyotambulishwa Japani na kampuni ya SoftBank mwaka 2014, ina urefu wa sentimita 120 na uzito wa kilo 28. Ina kichwa, macho makubwa, mikono yenye vidole, kompyuta bapa kifuani na magurudumu mahali pa miguu. Ndugu yake mdogo ni NAO, mwenye urefu wa sentimita 58, anayetembea kwa miguu miwili. Zote mbili ni kazi ya wahandisi wa Aldebaran ya Ufaransa. Hazimwogeshi mzee, hazimgeuzi kitandani, hazimlishi. Kazi yake ni kusemesha: kuuliza habari, kupiga muziki wa ujana wake, kuonyesha picha, kuchezesha mchezo wa maswali, kunyanyua mikono ili wazee waige, kukumbusha dawa. Ndiyo maana wataalamu huziita roboti za kijamii. Umbo la mtu lina sababu yake, kwa kuwa binadamu hugeukia uso na sauti bila kufikiri, na uwezo huo ni miongoni mwa vinavyochelewa kuondoka hata pale majina na tarehe vimeshafutika.

Ushahidi upo, na unastahili kusomwa kwa utulivu. Mjini Madrid, watafiti waliowafuatilia wagonjwa wa demensia katika kituo cha kuwatunza walilinganisha vikao vya tiba vilivyotumia NAO, vilivyotumia roboti yenye umbo la mnyama, na vya kawaida. Matokeo yao ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba ule ubaridi wa mgonjwa, hali ya kukaa tu bila kutaka lolote, ulipungua katika makundi ya roboti. Hilo si jambo dogo. Yeyote aliyemuuguza mtu wa aina hii anajua kwamba kimya chake huchosha kuliko makelele yake. Lakini kwa upande wa kumbukumbu na akili roboti hazikuleta nafuu ya kutangaza. Na tusisahau kwamba vilikuwa vikao vya tiba. NAO haikuachwa na wazee ijitegemee. Ilikuwa chombo mkononi mwa mtaalamu aliyejua anataka nini kutoka kwa kila mgonjwa.

Utafiti wa Queensland, Australia, ndio unaonishawishi zaidi, ingawa haukutumia roboti ya umbo la mtu. Profesa Wendy Moyle wa Chuo Kikuu cha Griffith na wenzake waliwachukua watu 415 wenye demensia katika vituo 28 vya kutunzia wazee. Kundi la kwanza lilipewa PARO, roboti ya Kijapani yenye manyoya meupe na umbo la mtoto wa sili, mnyama wa bahari za baridi, inayoitikia sauti na kupapaswa. Kundi la pili lilipewa PARO hiyohiyo ikiwa imezimwa, yaani mwanasesere tu wa manyoya. La tatu liliendelea na huduma ya kawaida. Vikao vilikuwa vya robo saa, mara tatu kwa wiki, kwa wiki kumi, na mzee aliachiwa roboti bila mtu wa kumwongoza. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba PARO iliyowashwa iliwafanya wazee watazame na wazungumze zaidi kuliko waliopewa ile iliyozimwa, na ikilinganishwa na huduma ya kawaida ilileta furaha zaidi na kupunguza mahangaiko yaliyoonekana kwenye video. Hata hivyo tofauti kati ya roboti hai na mwanasesere haikuwa kubwa kama bei zake zilivyoachana, na kipimo kingine cha mahangaiko hakikuonyesha tofauti yoyote kati ya makundi matatu. Wachumi wa afya walipopiga hesabu mwaka uliofuata, waligundua kuwa kwa kupunguza mahangaiko, mwanasesere alitoa thamani kubwa kidogo kwa kila dola. PARO moja huuzwa kwa takriban dola 6,000. Kwa maneno mengine, mashine ilipoachwa peke yake na mzee, sehemu kubwa ya faida yake ilitokana na kitu laini cha kushika.

Jaribio lililovuma zaidi kwa roboti ya umbo la mtu ni CARESSES, mradi wa Umoja wa Ulaya na Japani ulioanza mwaka 2017 chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Genoa. Hapa Pepper ilifundishwa kuzingatia utamaduni wa mzee: aliyetoka India asisemeshwe kama Mwingereza, wala Mwingereza kama Mjapani. Wazo hilo ni jema, na ni nadra kwa watengenezaji wa mashine kuanzia hapo. Katika nyumba za wazee za Uingereza na Japani, waliotumia roboti hiyo hadi saa 18 katika wiki mbili walipata nafuu ya kihisia kuliko wasioitumia, ingawa athari yake kwa upweke ilikuwa ndogo. Lakini washiriki walikuwa 33 tu, na walichaguliwa kwa sharti kwamba akili zao ziwe timamu vya kutosha kushiriki. Anayelitaja jaribio hili kama ushahidi kwamba Pepper inawafaa watu waliozama katika demensia analibebesha mzigo ambao waliolifanya hawakuubeba.

Kisha kuna Japani yenyewe, nchi ambayo imetaka jambo hili lifanikiwe kuliko nyingine yoyote. Hadi mwaka 2018 serikali yake ilikuwa imetumia zaidi ya dola milioni 300 kugharamia utafiti na utengenezaji wa roboti za matunzo. Mtafiti James Wright alikaa katika nyumba ya wazee ya huko akiangalia roboti zikifanya kazi siku hadi siku, na mwaka 2023 akachapisha kitabu ambacho jina lake tu linatoa hukumu: roboti hazitaiokoa Japani. Alichokiona hakikuwa mashine kuchukua nafasi za watu. Pepper ilipoongoza mazoezi, mfanyakazi alilazimika kusimama kando yake, kuiga miondoko yake na kurudia maneno yake, la sivyo wazee hawakufuata. PARO nayo ilihitaji kuangaliwa, kwa kuwa mmoja alijaribu kuivua manyoya yake na mwingine akaizoea kiasi cha kukataa kula au kulala bila kuwa nayo. Roboti zilitakiwa kusogezwa, kusafishwa, kuwashwa, kuelezwa kwa wazee, kurudishwa stoo. Kazi haikupungua bali iliongezeka. Na ubaya zaidi, iliongezeka kwa kula muda ambao mfanyakazi angekaa na mzee. Haishangazi basi kwamba uchunguzi wa mwaka 2019 uliohusisha taasisi zaidi ya 9,000 za matunzo nchini humo ulikuta ni asilimia 10 hivi tu zilizokuwa zimeleta roboti ya matunzo ya aina yoyote.

Weka matokeo haya pamoja na utaona yanaelekea upande mmoja. Roboti ya kijamii humsaidia mwenye demensia pale alipo mtu anayeitumia kumfikia, na pasipo mtu huyo hugeuka kifaa ghali kinachozoeleka baada ya siku chache. Madrid palikuwa na mtaalamu. Japani, mazoezi yalikwenda kwa sababu mfanyakazi alikuwa pale. Queensland, palipoondolewa mwongozaji, roboti na mwanasesere vikakaribiana. Roboti ikipigisha wimbo wa zamani, mzee anaweza kuinua macho. Lakini anayejua kwamba wimbo ule ulipigwa harusini kwake, na anayeweza kumuuliza habari za siku ile na kungoja dakika nzima jibu lije, ni mtu. Mwingereza Tom Kitwood, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Bradford, alieleza mwaka 1997 kwamba utu wa mwenye demensia hautegemei kumbukumbu zake tu. Unashikiliwa pia na namna wanaomzunguka wanavyomchukulia, na matunzo yasiyo na heshima huweza kumdidimiza kuliko ugonjwa wenyewe. Waswahili hawakuhitaji kusubiri vyuo vya Uingereza kulijua hilo. Mtu ni watu. Kitwood alichoongeza ni kulichukua kama suala la tiba, linaloweza kufundishwa, kupimwa na kusimamiwa.

Na limepimwa, Uingereza na hata papa hapa kwetu. Mwaka 2003 Aimee Spector na wenzake wa Uingereza walichapisha matokeo ya tiba ya kuchangamsha akili. Wagonjwa wachache hukutana katika kundi mara mbili kwa wiki, vikao 14 kwa jumla, wakizungumzia chakula, utoto, sauti, sura za watu, habari za siku, wakicheza na kuimba. Kati ya watu 201 walioshiriki, waliopata tiba hiyo waliendelea vizuri zaidi kiakili na katika ubora wa maisha, kwa kiasi kilicholinganishwa na kile cha dawa za wakati huo za Alzheimer, aina mojawapo ya demensia. Tiba hii ikaletwa Hai, ikarekebishwa ili iwafae wazee ambao wengi wao hawakupata kusoma, ikaendeshwa vijijini. Ripoti ya mwaka 2017 kuhusu wagonjwa 34 ilionyesha kupanda kwa uwezo wa akili na kupungua kwa wasiwasi na usumbufu wa tabia, huku ubora wa maisha nao ukiongezeka kidogo. Ni kundi dogo, na anayedai ushahidi mkubwa kutoka kwa roboti lazima audai na hapa. Lakini angalia kilichotumika: mtaalamu aliyefunzwa, chumba, viti na vitu vya kawaida vya nyumbani. Ni tiba inayoweza kurudiwa Mbulu, Kisii au Pemba bila kuagiza kitu nje.

Pingamizi la kwanza ni zito. Watasema: watu hao wako wapi? Japani ilikwishakadiria kwamba kufikia mwaka 2040 itapungukiwa wafanyakazi wa matunzo wapatao 570,000. Uingereza nayo ilipozidiwa ilifungua mlango wa viza za walezi Februari 2022, na maelfu ya Waafrika wakapita, wakiwamo wenzetu wa Afrika Mashariki. Julai 2025 mlango huo ukafungwa kwa waombaji wapya kutoka nje. Kwa nchi hizi roboti ni jibu la upungufu. Ninakubali upungufu upo. Sikubali kwamba ni wa maumbile. Watu wenye mikono na moyo wa kazi hiyo wapo, na walisafiri maelfu ya kilomita kuifuata. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuwalipa vizuri na kuwaheshimu. Na hata pale upungufu usipokwepeka, yaliyotokea Japani yanaonyesha kuwa roboti hizi haziuzibi, kwa kuwa nazo zinamtaka mfanyakazi yuleyule ambaye hayupo. Kwetu hali ni nyingine kabisa. Kenya mwaka 2023 ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, na mwaka uliofuata Tanzania ikazindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Vijana wanatafuta kazi. Hatujafikia mahali ambapo mtu wa kukaa na mzee ameadimika. Tumefikia mahali ambapo hakuna aliyemfundisha wala anayemlipa.

Pingamizi la pili nalikubali kwa sehemu kubwa, kwa sababu linatoka kwa wanaouguza. Mashine haichoki. Mgonjwa akiuliza mara ya arobaini kama mumewe amerudi shambani, roboti itajibu kwa upole uleule wa mara ya kwanza, ilhali binti yake ambaye hajalala tangu juzi anaweza kufoka, kisha akajilaumu usiku kucha. Tusiwahubirie walezi subira huku tumewaacha peke yao. Saa moja ambayo mzee anatazama na kuitikia kitu, na mlezi anaoga, anapika au anafumba macho, ina thamani yake. Ikiwa roboti inaweza kuleta saa hiyo, isikataliwe kwa jina la utamaduni. Ila saa hiyo inaweza kuletwa pia na jirani mwenye zamu, na kituo cha mchana cha kata au msikiti, na shemeji anayekuja kila Jumamosi. Kinachomvunja mlezi ni kukosa zamu. Ukimpa roboti ukaacha zamu ileile ya saa ishirini na nne mabegani mwake, umemwongezea kifaa cha kuchaji.

Watatokea wanaosema kwamba ushahidi niliotaja umepitwa, kwa kuwa roboti za leo zina akili mnemba inayozungumza bila kukariri. Ni kweli mazungumzo yamekuwa laini mno kuliko yale ya Pepper ya mwaka 2014. Lakini ulaini huo kwa mwenye demensia una hatari ambayo mwenye akili timamu haioni. Programu hizi huweza kutamka jambo lisilo kweli kwa uhakika uleule zinaotamkia la kweli. Asiye mgonjwa atashtuka na kuhakiki. Mgonjwa ambaye tayari anachanganya jana na miaka hamsini iliyopita hana pa kuhakikia. Akiambiwa na sauti tamu kwamba ameshakunywa dawa, ataamini. Kuna pia suala la lugha. Ugonjwa unapozidi, mtu aliyejua lugha kadhaa aghalabu hurudi kwenye ile ya utotoni. Bibi wa Hai aliyeongea Kiswahili safi maisha yake yote sokoni anaweza kubaki na Kimachame tu, tena cha zamani, kilichojaa majina ya mabonde na koo. Roboti zinasikia Kiingereza na Kijapani vizuri, Kiswahili kwa wastani, na lugha hizo ndogo karibu hazisikii kabisa. Na mzee mwenyewe anasikia? Tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 iliorodhesha mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa kupata demensia, na kukadiria kwamba yakishughulikiwa, karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa. Uziwi usiotibiwa umo, na shinikizo la damu pia limo. Kumnunulia mashine ya kumsemesha mtu ambaye hakuwahi kupimwa masikio ni kuanzia mwisho.

Kuhusu udanganyifu, mwanafalsafa Robert Sparrow na mwenzake Linda Sparrow wa Australia walionya tangu mwaka 2006 kwamba roboti humfurahisha mzee kwa kumfanya aamini kuwa anajaliwa, wakati hakuna anayemjali. Hoja yao ina nguvu, ila naona inakaza mno upande mmoja. Mwanasesere pia hamjali mtu, na hakuna anayeona ubaya mgonjwa akimpakata na kutulia. Udanganyifu unaonitia hofu ni mwingine: ule unaotupata sisi tulio wazima, tunapoona mama ameketi mbele ya kitu kinachopepesa macho na kuitikia, tukaridhika kwamba ana mwenzake, tukaahirisha safari ya kwenda kumwona. Hasara hiyo haionekani katika jedwali la utafiti wowote, maana kinachopimwa ni kama mzee alitabasamu, si kama alitembelewa.

Jambo la kudumu au kutodumu kwa kampuni lisipuuzwe. Pepper ziliundwa takriban 27,000, kisha uzalishaji ukasimamishwa mwaka 2020. Juni 2025 Aldebaran, iliyozibuni Pepper na NAO, ilifilisiwa kwa amri ya mahakama ya Ufaransa, na baadaye mali zake zikanunuliwa na kampuni ya China. Hospitali au nyumba ya wazee iliyoijenga huduma yake juu ya mashine hizo ikabaki kusubiri hatima ya vipuri na programu. Na roboti hizi zina kamera na vipaza sauti vinavyofanya kazi chumbani mwa mtu asiyeweza tena kutoa ridhaa. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini sheria haina meno ikiwa anayepaswa kulalamika hakumbuki kwamba alirekodiwa.

Pingamizi lililobaki ni lile la heshima, na linasemwa kwa uchungu unaoeleweka: kwa nini Mwafrika aambiwe asubiri kila kitu kipya kinapokuja, atosheke na viti na ngoma wakati wenzake wana roboti? Rwanda yenyewe ilionyesha kwamba tunaweza kuzipokea na kuzitumia bila kungoja idhini ya mtu. Nami sisemi tusizipokee. Nasema tupime kwa kipimo chetu. Mzee wa Kenya mwenye miaka 70 na zaidi anayelipwa na mpango wa serikali wa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Bei ya PARO moja, kabla ya usafiri na ushuru, ni kama shilingi 780,000, yaani posho ya mzee huyo kwa zaidi ya miaka 30, na roboti zenye umbo la mtu ni ghali zaidi. Hakuna dharau katika kuuliza fedha hiyo ingefanya nini kwingine. Dharau ipo katika kupokea msaada wa mashine mbili za kupigia picha na wageni rasmi wakati wilaya nzima haina mtu wa kumpima mzee kumbukumbu, na wakati ambapo katika baadhi ya maeneo yetu bibi anayetangatanga usiku na kusema peke yake bado yuko hatarini kuitwa mchawi. Roboti haiwezi kuingia katika kikao cha ukoo ikaeleza kwamba huo ni ugonjwa. Mhudumu wa afya anayejulikana kijijini anaweza.

Zikija basi, na naamini zitakuja, zipewe kazi kwa masharti. Ziwe mikononi mwa mtaalamu aliyefunzwa, ndani ya kikao chenye mwanzo na mwisho, na zisihesabiwe kamwe kama mfanyakazi katika orodha ya zamu. Zijaribiwe kwa kulinganishwa na kundi la mazungumzo linaloongozwa na mtu, kwa sababu kuzilinganisha na kutofanya lolote ni kuzipendelea. Zizungumze lugha ya mzee au zinyamaze. Familia ielezwe kinachorekodiwa na kinakopelekwa. Na ipimwe idadi ya saa ambazo mzee alikaa na binadamu kabla na baada ya roboti kufika. Saa hizo zikipungua, roboti irudishwe hata kama mzee anaipenda.

Kwa wizara za afya za Tanzania na Kenya, na kwa halmashauri na kaunti zinazopanga bajeti, ombi langu ni moja. Kabla ya kupokea roboti ya kwanza kwa ajili ya wenye demensia, iingizeni tiba ya kuchangamsha akili katika mafunzo ya wahudumu wa afya ya jamii, ajirini mtaalamu wa tiba kwa vitendo katika kila hospitali ya wilaya na kila kaunti, na mumlipe. Mafunzo ya tiba hiyo yapo, imejaribiwa Hai, na haihitaji umeme.